Semina bila posho

Siku ya kwanza walikuja watu 52. Nilikuwa nimeazima viti 40 kwa jamaa wanaokodisha viti vya harusi, havikutosha, vijana wakakaa dirishani. Ilikuwa mwaka 2016, ofisi ya serikali ya mtaa, huku Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako ukisogea mbele kidogo tu unaingia Kisarawe. Moyoni nikasema, kumbe watu wana kiu ya elimu ya mazingira namna hii! Nikafundisha kwa muda wa saa nne. Nikaeleza misitu, taka, mkaa, vyanzo vya maji. Walinisikiliza kwa adabu kabisa, hakuna aliyesinzia. Mwisho karatasi ya mahudhurio ikazunguka, kila mtu akasaini, akapokea elfu kumi ya nauli na posho, akaondoka na chupa yake ya maji.

Wiki iliyofuata fedha za kikao cha pili zilikuwa hazijaingia. Shirika dogo lililoniajiri likaniambia nitangaze kwamba semina inaendelea, posho itafuata. Walikuja watu sita. Mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa mtaa, na yeye alikuja kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa mlango.

Siku hiyo niliwalaumu sana. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba watu wetu bila bahasha hawaendi popote. Nilichukua miezi kadhaa kuona kwamba nilikuwa nahukumu nisichokijua. Mwanamke anayeuza vitumbua barabarani akikaa kwangu saa nne, asubuhi yake yote imekwenda, na asubuhi ndiyo vitumbua vinanunuliwa. Elfu kumi kwake haikuwa rushwa ya kumfanya apende miti. Ilikuwa unga, mafuta na faida ya siku hiyo. Mimi nilikuwa na mshahara, nimekaa mbele kwenye kivuli, nashangaa kwa nini mwenzangu asiye na mshahara hajitolei.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka 19. Nikadhani mtu mzima ni mtoto mrefu. Mtoto ukimwambia Jua ni nyota, anaandika Jua ni nyota. Mtu mzima anakuja na vyake kichwani, na neno lako likiingia linakuta wenyeji.

Chukua hili la mabadiliko ya tabianchi. Sisi wa semina tunalitamka kwa mkupuo kama kiitikio. Katika kikao cha tatu (cha posho, maana fedha zilikuwa zimefika) nilieleza kwamba tabianchi inabadilika na kila mmoja wetu anaona madhara yake. Mzee mmoja wa kanzu akasimama kuniunga mkono. Akasema ni kweli kabisa mwalimu, tabia ya nchi imebadilika, siku hizi kijana anapita mbele ya mtu mzima hata shikamoo hamna, na wasichana ndiyo usiseme. Watu wakaitikia, wengine wakapiga makofi. Nikajaribu kurekebisha kwa kuleta hewa ukaa. Dada mmoja akauliza kama ndiyo ile hewa inayoua watu wakilala na jiko la mkaa chumbani. Swali zuri sana, na jibu langu lilikuwa refu kiasi kwamba hata mimi lilinichosha. Ile ya jiko ndani ya chumba ni hewa nyingine, inatoka mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha, nayo inaua kweli. Hewa ukaa ndiyo ile tunayoitoa puani. Kufika hapo nilikuwa nimewaambia kwamba pumzi yao inaharibu dunia.

Tangu siku ile sianzi na tabianchi. Naanza na vuli. Nauliza zamani mlikuwa mnapanda lini, na sasa mnapanda lini, halafu nakaa kimya. Waliokulia Rufiji na Mkuranga wana mengi ya kusema kuhusu vuli kuliko mimi.

Lakini aliyenifunga mdomo hasa ni bibi mmoja, jirani wa ofisi ile. Nilikuwa nawaeleza wasichome majani makavu, wayakusanye yaoze yawe mboji, na kwamba si lazima ua ufagiliwe hadi udongo ung'ae. Akaniita pembeni baadaye, kwa upole.

"Mwanangu, wewe umesoma. Lakini sisi tuliambiwa tufyeke."

"Na nani, bibi?"

"Na serikali. Mtu ni Afya."

Nikakaa naye kwenye mkeka. Mwaka 1973, alipokuwa ameolewa karibuni, kijijini kwao walikuwa wanakutana mara moja kwa wiki kuzunguka redio moja. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi anasoma kitabu, wanajadili, kisha wanaamua watafanya nini kabla ya wiki ijayo: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka kichaka karibu na nyumba ili mbu wasijifiche, kuchoma taka. Yeye hakujua kusoma wakati ule, lakini kisomo alikianza palepale. Kampeni ile ya Mtu ni Afya ilikwenda wiki 12 na ilifikia karibu watu milioni 2 nchi nzima. Ilitokana na msukumo wa Mwalimu Nyerere, aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baada yake zikaja Chakula ni Uhai mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980. Nimeajiriwa kufundisha mazingira kwa watu wazima, na historia hiyo nilipewa na mwanafunzi wangu kwenye mkeka.

Ua wake, basi, haukuwa ujinga wa kuondolewa. Ulikuwa cheti. Alifaulu somo la mwaka 1973 na akaendelea kulifaulu kila alfajiri kwa fagio la chelewa. Tena serikali ya karibuni ilikuwa imempa alama nyingine: Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa watu wakafanye usafi, na baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikawa siku ya usafi. Masikioni mwetu mazingira ni hayo: kufagia, kufyeka, kuwasha moto. Mimi nilikuja na neno hilohilo nikimaanisha karibu kinyume chake, halafu nikashangaa hatuelewani.

Nilimuuliza kama walikuwa wanalipwa kusikiliza redio. Akacheka mpaka akakohoa. "Kulipwa na nani? Si ilikuwa kijijini kwetu, jioni, kazi zimeisha?"

Jibu hilo lilinikaa. Jioni, kazi zimeisha, watu wanaojuana, jambo moja la kufanya kabla ya wiki ijayo. Mimi nilikuwa nawakusanya asubuhi, watu wasiojuana kutoka mitaa minne, mambo 15 kwa siku, na la kufanya hakuna.

Nikaacha kuita watu. Nikaanza kuwafuata walipokuwa tayari wamekaa, na huku kwetu hapo ni kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Nilikwenda kwa kikundi kimoja cha wanawake 26, wanakutana Jumatano saa kumi jioni chini ya mwembe. Wana sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, mhazini, katibu, na faini ya mia tano kwa anayechelewa. Nikaomba nusu saa baada ya kununua hisa. Mwenyekiti wao akakubali kwa sharti kwamba nami nikichelewa nitatozwa. Nimetozwa mara nne.

Siku ya kwanza pale nilikuwa na hesabu yangu nzuri kwenye bango. Familia inanunua makopo mawili ya mkaa kwa siku, kopo shilingi elfu moja. Kwa mwezi ni elfu sitini. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo sita, kuujaza wakati ule ulikuwa unakaribia elfu ishirini, na kwa familia inayopika kwa kubana unakwenda wiki tatu au zaidi. Nikageuka kwa ushindi kuwaangalia. Wananitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema muuza vitumbua, "hilo tunalijua."

"Sasa?"

"Elfu ishirini kwa mkupuo naitoa wapi? Elfu moja ninayo kila siku. Elfu ishirini sijawahi kuwa nayo ikiwa imekaa tu."

Baadhi yao walikuwa na mitungi tayari. Ilikuwa mitupu, imefunikwa kitambaa, juu yake pamewekwa thamosi. Wakipata wanajaza, wanapikia chai ya asubuhi tu kwa kuogopa isiishe, na maharage yanakwenda kwenye mkaa. Katika miaka yote ya kazi hii sijakutana na mwanamke aliyehitaji kuambiwa kwamba moshi unaumiza kifua au kwamba mkaa ni ghali. Nilikuwa nimelipwa mwaka mzima kuwaambia watu walichonacho.

Suluhisho la mtungi halikuwa langu. Lilitoka kwa katibu wao, akiwa anahesabu sarafu. Wakaanzisha mchango wa pembeni, elfu moja kwa wiki kila mtu, na kila Jumatano aliyefikiwa zamu anajaziwa mtungi wake. Mchango wa wiki ulikuwa elfu 26, kwa hiyo mtungi mmoja unajazwa na chenji inabaki. Mnaona hesabu inagoma wapi: watu 26, mtungi mmoja kwa wiki, zamu yako inarudi baada ya nusu mwaka. Walibishana Jumatano tatu. Mwisho wakakubaliana kwamba wale 11 wenye mitungi watachanga elfu tano kwa wiki, wajaziane miwili au mitatu kila kikao, na wasio na mitungi wataendelea na hisa zao mpaka watakapoingia. Sikusema neno lolote katika mjadala ule, na ndiyo semina bora niliyowahi kuhudhuria.

Mchango wangu mimi ulikuwa kapu. Nao ulianza kwa aibu.

Kapu lenyewe ni la ukili, lile la sokoni. Ndani unapanga sufi, ile pamba ya mti wa msufi, pande zote na chini, unashonea kitambaa ili isitoke, unatengeneza na mto mnene wa sufi wa kufunikia juu. Sufuria ikichemka unaitoa motoni na mfuniko wake, unaizamisha humo, unafunika na mto, na joto lile lile linaendelea kuivisha. Watu wa pwani wanaijua sufi tangu magodoro ya zamani, hivyo vifaa havikuwa tabu. Tabu ilikuwa mwalimu. Nilileta maharage ambayo sikuyaloweka, nikayachemsha dakika tano kwa haraka maana kikao kilikuwa kinaanza, tena kidogo tu ndani ya sufuria kubwa yenye mfuniko uliopinda. Baada ya nusu saa mhazini akataka kuona. Tukafunua. Baada ya nusu saa nyingine mwenzake naye akataka kuona. Saa kumi na mbili tukapakua. Maharage yanagonga sahani kama kokoto. Hakuna aliyecheka mbele yangu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kikao kilichofuata muuza vitumbua alichukua kapu mwenyewe bila kuniuliza. Maharage aliyaloweka usiku kucha. Akayachemsha kwa nguvu dakika 20, sufuria imejaa karibu ukingoni, mfuniko mzito wa sufuria nyingine. Chini ya sufuria akatandika kipande cha blanketi, kwa sababu masizi yangechafua kitambaa. Akafunika, akafunga mdomo wa kapu kwa khanga, akalikalia. Kweli, akalikalia! Aliyetaka kuchungulia alimkuta yeye. Hisa zikauzwa, mikopo ikajadiliwa, mtu akalia kidogo kuhusu marejesho, na alipofunua khanga baada ya muda wa saa tatu mvuke ulipanda mpaka wa nyuma wakainuka. Akachukua harage moja, akaliminya kwa vidole viwili, likapasuka kimya. Hakusema kitu. Akalipitisha kwa mwenzake.

Kilichonifundisha hapo ni jinsi walivyoniamini baada ya maharage yangu kugoma. Semina za bango hazina maharage yanayogoma. Kila kitu kinafanikiwa kwenye karatasi, na mtu mzima ambaye ameshaona mambo mengi yaliyofanikiwa kwenye karatasi anasubiri posho yake aondoke. (Angalizo kwa atakayejaribu: maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na kuiondoa kunahitaji kuchemka kwa nguvu dakika 10 kamili au zaidi kwanza. Joto la kapu peke yake haliwezi.)

Kuna kikao kimoja nusura kivunjike. Muuza mkaa wa pale mtaani alisikia kwamba kuna mwalimu anazunguka kuua biashara yake, akaja akasimama nyuma, mikono kifuani. Nikamwomba aseme yeye. Akasema miaka ya nyuma gunia lilikuwa linakuja kwa baiskeli kutoka Kisarawe hapo, asubuhi kijana anatoka, mchana amefika. Sasa linakuja kwa lori kutoka mbali, na hata hilo la karibu ni mkaa wa mwembe na mkorosho, mwepesi, unashika haraka na kuisha haraka. Mkaa mgumu wa miti ya msituni umekuwa wa kutafuta. Mimi nilikuwa na matokeo ya watafiti waliozunguka kusini na magharibi mwa jiji: mwaka 1991 ukanda wa kuchoma mkaa ulikuwa kwenye kilomita kama 20 kutoka mjini, mwaka 2005 umefika kilomita kama 50. Nikayasoma. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia anwani ya nyumbani kwake. Yule bwana hakuacha mkaa, wala sikumtaka aache kabla hajapata kingine. Ila chenga alizokuwa anazimwaga mtaroni akaanza kuwapa akina mama watatu, wanaloanisha na uji wa unga wa muhogo, wanafinyanga mkaa mbadala, wanaanika. Unawaka polepole, moto wake si mkali, kwa kuchemshia kongoro unafaa sana. Kwa chapati haufai, na atakayewaambia unafaa hajawahi kupika chapati.

Juni 1, 2019 ilipofika, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Nilikuwa nimefundisha juu ya mifuko ile miaka mitatu, nikionyesha picha za mitaro iliyoziba, na sokoni hakuna kilichobadilika. Tarehe moja ikafanya kwa wiki kile ambacho sikukifanya kwa miaka. Iliniuma kidogo, nakiri. Zanzibar wenzetu walishafanya mwaka 2006, Kenya mwaka 2017. Nikaanza kusema kwamba basi dawa ni sheria, semina za nini. Yule bibi ndiye aliyenikumbusha kwamba mkaa nao ulipigwa marufuku, mwaka 2006, na haikudumu hata mwezi. Mfuko ukikosekana unafunga nyanya kwenye khanga. Mkaa ukikosekana saa kumi na mbili jioni, watoto wanalala na njaa, na hakuna askari anayeweza kusimama kati ya mama na jiko lake saa hiyo. Sasa kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo mwaka 2034. Nautakia heri. Nikiusikia, namwona katibu wa kikoba akihesabu sarafu.

Kuhusu posho, bado tunabishana na wenzangu. Wapo wanaosema ifutwe kabisa. Mimi siwezi, maana bado mimi mwenyewe nikiitwa Dodoma nasaini. Lakini navutiwa na jinsi Wangari Maathai alivyofanya kwenye harakati ya Ukanda wa Kijani aliyoianzisha Kenya mwaka 1977. Wanawake walipewa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche uliopona. Kukaa kwenye kiti hakukuwa na malipo. Mwaka 2021 tulijaribu kitu cha namna hiyo kwa miche ya miembe na mikorosho, tukalipa baada ya kiangazi. Mtaa wa kwanza mbuzi walikula karibu yote, tukalipa kidogo sana, wakanuna. Mtaa wa pili walizungushia miiba kabla hata sijasema habari ya mbuzi.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule bibi. Ua umefagiliwa unang'aa kama kawaida, mistari ya chelewa inaonekana. Lakini nyuma ya choo kuna shimo lenye majani yaliyolowa, na pembeni yake mchicha mnene wa kijani ambao hakuutaja, nami sikuutaja. Tukaongea habari za wajukuu. Nikamuuliza kama bado anapikia lile kapu nililomletea mwaka juzi, la sufi nzuri kabisa, nililishona mwenyewe.

"Lipo," akasema, akaninyooshea kidole jikoni.

Nikachungulia. Kuku mwekundu alikuwa ametulia ndani yake, amevimbisha manyoya, ananiangalia kwa jicho moja. Chini ya bawa nikahesabu mayai tisa.

"Si ulisema linatunza joto?" akaniuliza bibi kutoka nje.